Lete Mfupa: T. rex, Spino na Ugomvi Uliofunga Grupu Letu

Wakubwa wetu wa mashirika, mnatusoma kimya kimya bila kujibu. Tunajua mnasoma, na leo tunaomba msome mpaka mwisho.

Grupu limefungwa tangu Jumatatu iliyopita. Wengi wanauliza kwa nini, na wengine wameshapewa majibu ya uongo: eti siasa, eti makabila, eti kuna mtu alirusha habari za mpakani. Hapana. Grupu limefungwa kwa sababu ya dinosaria. Ndiyo, wale wanyama waliokufa kabla hata mto Ruhwa haujapata jina. Tunaandika kusema ukweli wote wa jambo hili, halafu kusema kwa nini kulifunga grupu lilikuwa kosa, na kwa nini sisi wenyewe tulikosea zaidi ya aliyelifunga.

Ilianza na video. Kijana mmoja aliishusha pale tunapochajia simu, jioni, wakati foleni ya waya ni ndefu na hakuna kazi nyingine. Video ya dakika nne. T. rex upande huu, Giganotosaurus upande ule, wanapigana kwenye vumbi, na pembeni namba zinapita kama za mabondia: urefu, uzito, nguvu ya taya. Mwisho T. rex anashinda, anaunguruma, muziki unapanda. Akaituma kwenye grupu na maneno mawili tu: "Nani mwingine?"

Basi. Kufika siku ya tatu tulikuwa na timu nne. Timu ya T. rex ndiyo kubwa, maana yeye ndiye kila mtu anamjua. Timu ya Giga walikuwa wapenzi wa Argentina, kwa kuwa mnyama alichimbwa kule. Sababu yao ya kwanza, hatutanii, ilikuwa Messi. Timu ya Spinosaurus, yaani Spino, wengi wao watoto wa ziwa, watu wa Uvira na Rumonge, walimpenda kwa kuwa anakula samaki. Na timu ya watu wawili ya Carcharodontosaurus. Jina hilo kulitamka ni mtihani wa taifa, kwa hiyo tulimwita Karka.

Watu walikesha. Watu walimaliza unite za wiki nzima kwa usiku mmoja. Wengine waliazima simu ya jirani ili kujibu.

Halafu Jumapili usiku kijana wa timu ya Spino akaleta habari nzito. Akaandika kwamba mifupa ya kwanza ya Spino iliyojulikana duniani iliungua yote vitani, ndiyo maana watu wanamdharau, hawana cha kumpimia. Aliandika vizuri, aya tatu, na wote tuliokuwa macho tulinyamaza kidogo. Kisha mtu wa timu ya T. rex akamjibu. Tunainukuu kama ilivyokuwa, maana wengi wenu mliiona kabla haijafutwa: "Mnyama wako kaungua kama cheti chako. Hakuna karatasi, hakuna bingwa."

Mnajua habari ya cheti. Kijana yule alimaliza sekondari, nyumba yao ikachomwa, cheti kikaenda na nyumba. Tangu afike anaomba nafasi za kusoma na anaulizwa jambo moja tu. Hapa kwetu watu wenye hadithi hiyo ni wengi kuliko wasio nayo, na wote walikuwa kwenye grupu usiku ule.

Aliondoka kwenye grupu dakika hiyo hiyo. Wenzake sita wakamfuata. Wengine wakabaki kutukana. Asubuhi grupu likafungwa.

Aliyeandika maneno yale ni mmoja wetu, na yuko hapa kati ya tunaoandika andiko hili. Hatumtaji. Sio kumficha: wengine wetu tulicheka, tukaweka vile vikatuni vya kulia kwa kicheko, na hatuna haki ya kumtoa yeye peke yake mbele ya watu.

Sasa tuanze na wakubwa. Tuliambiwa, na mtu tunayemheshimu, kwamba vijana waongee mambo ya maana: ujasiriamali, afya, amani. Dinosaria ni upuuzi unaoleta fujo. Mkubwa wetu, tunasema kwa heshima zote: hapo hatukubali. Sabuni ya maji tumefundishwa kutengeneza mara tatu. Wapo kati yetu wenye vyeti vitatu vya sabuni na hawana mtaji wa chupa moja. Hatudharau sabuni. Lakini katika yale mafunzo hakuna aliyewahi kukesha akitafuta jibu. Kwenye dinosaria tulimwona dada mmoja, ambaye tangu afike alikuwa haandiki kitu zaidi ya "sawa", akigeuza nyutoni kuwa kilo usiku wa manane ili kumshinda kaka yake. Tulimwona mtu aliyeacha shule darasa la sita akiuliza miaka milioni 66 wanaipimaje, nani alikuwepo kuhesabu. Swali hilo zuri, na mwalimu wa kujitolea alilijibu kwa habari ya majivu ya volkano na jinsi madini ndani yake yanavyobadilika kidogo kidogo kwa kasi inayojulikana, kama saa. Lini mara ya mwisho mlisikia maongezi hayo kwenye warsha?

Fujo haikuletwa na dinosaria. Ililetwa na namna ya kubishana, na namna hiyo tuliipokea pamoja na video bila kuikagua. Ndiyo tunayotaka kuipinga hapa.

Tuangalie video yenyewe. T. rex aliishi Amerika ya Kaskazini kati ya miaka milioni 68 na 66 iliyopita. Giganotosaurus aliishi Argentina miaka kama milioni 97 iliyopita. Kati yao kuna miaka milioni 30. Sisi binadamu wa namna yetu tuna miaka kama laki tatu tu hapa duniani. Chukua muda wote huo wa binadamu, tangu babu wa kwanza mpaka leo hii kwenye foleni ya unga, uurudie mara mia moja, ndipo utakuwa umetoka kwa Giga ukamkuta T. rex. Hawakuonana. Hawakunusa mavi ya mwenzake. Aliyewaweka kwenye uwanja mmoja ni mtu mwenye kompyuta anayetafuta watazamaji.

Na mshindi anachaguliwa vilevile. Mwaka 2001, kwenye filamu ya tatu ya Jurassic Park, Spino alimvunja T. rex shingo. Timu ya Spino mpaka leo wanaishi kwa ushindi ule. Mwaka 2022, kwenye Jurassic World Dominion, T. rex akasaidiwa na mnyama mwingine wakamuua Giga. Wakitaka kuuza tiketi nyingine watampa ubingwa mwingine. Sisi tunagombana kwa matokeo ya mechi ambayo mwenye uwanja ndiye refa, ndiye mwandishi wa habari, ndiye muuza tiketi.

Lakini tatizo kubwa zaidi lipo kwenye zile namba za pembeni. Zinatoka wapi? Zinatoka kwenye mifupa. Na mifupa haikugawiwa sawa.

T. rex amepewa jina mwaka 1905, na tangu hapo wamechimba wengi sana. Mmoja wao, anayeitwa Sue, aliyepatikana South Dakota mwaka 1990, ana mifupa yake karibu asilimia 90. Alinunuliwa kwenye mnada mwaka 1997 kwa dola zaidi ya milioni 8, na sasa yuko kwenye makumbusho Chicago. Mwingine, Stan, aliuzwa mwaka 2020 kwa dola milioni 31.8. Huyo ndiye mnyama mwenye faili kamili: picha, vipimo, kitambulisho, hata bei. Ukitaka kujua uzito wake, nguvu ya taya yake, ugonjwa uliokuwa kwenye mbavu zake, vyote vipo.

Spino yeye alichimbwa mwaka 1912 kwenye jangwa la Misri, mahali panaitwa Bahariya. Mjerumani Ernst Stromer akampa jina mwaka 1915, na mifupa ikawekwa kwenye makumbusho ya Munich. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Stromer aliomba mifupa ihamishwe mahali salama. Mkuu wa makumbusho alikataa. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1944 ndege za Waingereza zikapiga mji, jengo likaungua, na mifupa yote ikaisha. Yalibaki maandishi ya Stromer, michoro yake, na picha chache zilizogunduliwa baadaye sana. Miaka karibu sabini mnyama huyu alikuwa hadithi na mchoro. Watu wakamchora kama T. rex mwenye tanga mgongoni, kwa kuwa walikosa cha kumpimia, wakamvalisha mwili wa mwingine.

Kijana wetu alikuwa anasema kweli tupu. Sisi tukamtukana.

Na haikuishia kwenye moto. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza mifupa mipya ya Spino kutoka Morocco, miguu ya nyuma mifupi kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2020 ukatangazwa mkia: mpana, bapa, kama kasia. Mpaka leo wanabishana kama alikuwa anaogelea akiwinda ndani ya maji au alikuwa anasimama majini kama korongo na kudokoa. Hakuna aliyesema "hana karatasi, tumfute." Walirudi mchangani wakachimba. Hao wenye digrii zao wanajua kwamba mfupa ukipotea, mnyama bado aliishi.

Timu ya Spino, msianze kupiga vigelegele. Mfupa unasema na yale msiyoyapenda. Taya la T. rex limepigiwa hesabu, na makadirio mengi yanaangukia kati ya nyutoni 35,000 na 57,000, yaani kama kuwekewa mzigo wa tani tatu na nusu mpaka tano na zaidi juu ya jino. Mamba wa maji chumvi waliopimwa wakiwa hai, wale wakubwa wa Australia, mwenye nguvu kuliko wote alifika kama 16,000. Meno ya T. rex yalikuwa manene kama ndizi, ya kuvunja mfupa, na kweli kwenye mavi yake yaliyogeuka jiwe, yaliyopatikana Kanada, kuna vipande vya mifupa iliyosagwa. Meno ya Giga na Karka ni membamba kama visu vya bucha, ya kukata nyama ili mnyama avuje damu. Meno ya Spino ni kama misumari, ya kushika kitu kinachoteleza. Ukiwalazimisha kwenye uwanja mmoja, nchi kavu, bila mahali pa kukimbilia, wengi wetu tulioandika hapa tungeweka pesa yetu kwa T. rex, kama tungekuwa na pesa. Tumesema. Lakini angalia ulichofanya kufika hapo: ulimtoa Spino majini. Ukimtoa mtu mahali pake, ukampima kwa kazi ya mwenzake, utampata mshindwa unayemtaka.

Sasa ndugu, katika wanyama wanne tuliogombania, wapo wawili tu walioishi pamoja kweli. Sio T. rex na Giga wa kwenye video. Ni Spino na Karka. Wote wawili ni wa Afrika. Mifupa yao imetoka Morocco, kwenye miamba ya Kem Kem. Mmoja anafika kama mita 14, mwingine kama 12, eneo moja, mito ile ile. Kama mnataka kujua wakubwa wawili wakikutana inakuwaje, msiangalie katuni. Hapo ndipo pa kuuliza.

Na jibu lipo kwenye mdomo. Kwenye taya moja la Spino wa Morocco, ndani ya tundu la jino, wamekuta pingili ya mfupa wa samaki mkubwa mwenye pua ya msumeno imekwama. Pua ya Spino ni ndefu na nyembamba kama ya mamba, matundu ya pua yako juu nyuma, sio mbele. Karka ana kichwa kirefu kutoka juu kwenda chini na visu vya kukata nyama ya wanyama wa nchi kavu. Yaani mmoja anakula ndagala, mwingine anakula mbuzi. Watagombania sahani gani? Hatusemi hawakupigana hata siku moja. Ukame ukija, mto ukikauka, hata watu wa dini moja wanapigana kwenye bomba. Lakini wakubwa wawili wa namna hiyo waliweza kukaa nchi moja kwa muda mrefu, na hilo hakuna video iliyotuonyesha, kwa sababu haliuzi.

Timu ya Karka, ninyi wawili, mlikuwa na hoja bora kuliko sisi sote na hamkuitumia. Mlipoteza siku tatu mkipigania kilo.

Wanaoishi karibu na mto wanalijua jambo hili bila shule. Sisi tuko hapa ambapo Ruhwa unaingia Rusizi na nchi tatu zinaangaliana, Rwanda, Burundi na Kongo. Fuata Rusizi mpaka unapoingia Tanganyika, pale upande wa Gatumba, utakuta viboko na mamba. Wazazi wetu waliovua kule wanatuambia kitu kimoja: mamba na kiboko mchana kutwa wako kwenye maji yale yale. Mamba mwenye akili hasogei karibu na kiboko mwenye mtoto. Kiboko hamtafuti mamba amwonyeshe nani mkubwa. Mwindaji akivunjika mguu hana hospitali, anakufa njaa. Mnyama anapigana kwa ajili ya nyama, jike, mtoto au mahali pa kulala. Hata T. rex: alama za meno kwenye mafuvu yao, nyingine zikiwa zimepona, zinaonyesha waliumana usoni wao kwa wao. Jirani na jirani. Hakuna aliyesafiri kwenda Argentina kutafuta ubingwa.

Na tukiwa kwenye Rusizi hatuwezi kumpita Gustave. Vijana wa Burundi na Uvira mlikulia na jina hilo; ilikuwa ukikataa kutoka majini, mama anakuitia Gustave. Mamba yule alipewa jina na Patrice Faye, Mfaransa aliyekuwa anaishi Burundi, na mwaka 2004 ikatoka filamu ya jinsi walivyojaribu kumkamata kwa ngome ya chuma. Hakuingia. Walikadiria urefu wake kuwa mita sita na zaidi kwa kumtazama tu, maana hakuwahi kukamatwa wala kupimwa. Waliouawa naye, wengine walisema mia tatu, nani alihesabu? Kwenye grupu kuna mtu alidai Gustave angemla Spino mtoto. Mwingine akasema Gustave ni uongo wa wazungu. Yule mwenye mjomba aliyeliwa mguu kule ziwani alikaa kimya, na kimya chake tulikiona baadaye tuliposoma upya. Hilo nalo tunaomba radhi. Mnyama wa video unaweza kumcheza. Wa Rusizi ana watu wake waliobaki.

Kitu cha mwisho kinachotuudhi ni hiki. Siku nne tuligombana kwa ajili ya Marekani, Argentina, Misri na Morocco. Hakuna hata mmoja, hata sisi tunaojifanya wajuaji, aliyetaja Tanzania. Kule Lindi, kusini, kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati Tanganyika iko chini ya Wajerumani na vita ya Maji Maji imetoka kuisha hata miaka miwili haijapita, makumbusho ya Berlin yalichimba pale mifupa zaidi ya tani 200. Ilibebwa na watu. Kichwani, begani, kwa miguu siku tatu nne mpaka bandari ya Lindi. Kazi ya kuchimba waliifanya mamia ya Waafrika, na msimamizi wao mkuu aliyejua mifupa ile kuliko wengi alikuwa Boheti bin Amrani. Mnyama mkubwa aliyetoka pale, mla majani mwenye shingo kama mnara, amesimama Berlin tangu mwaka 1937, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Watanzania wamelijadili hadi bungeni kwao kama irudi au isirudi.

Sasa sikilizeni, timu ya Giga na timu ya Spino. Kwenye mifupa ile ya Tendaguru, yenye umri wa miaka kama milioni 150, kulikuwa na pingili chache za uti wa mgongo za mla nyama mmoja. Zilikaa Berlin karibu karne nzima ndipo mwaka 2011 zikapewa jina, Veterupristisaurus. Ni mmoja wa wazee kabisa wanaojulikana wa ukoo wa Karka na Giga. Mwaka uliofuata, 2012, meno mengine ya Tendaguru yakapewa jina Ostafrikasaurus, Ostafrika kwa Kijerumani ni Afrika ya Mashariki, na aliyeyataja alisema ni ya ukoo wa Spino, mzee wao kabisa. Wengine hawajakubali, meno peke yake ni ushahidi mwembamba. Lakini mmeona? Mlikuwa mnatukanana kwa ajili ya wajukuu na babu yenu wote amelala Lindi, na mkoba wake una pingili chache na meno. Urefu wake hasa hakuna anayeujua. Uzito wake hakuna. Kwenye video hatawekwa kamwe, kwa kuwa hana namba za kuandika pembeni.

Sisi tunamtaka kwenye mabishano yetu. Bila namba zake.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Mkubwa wetu, fungua grupu. Hatuombi pesa, hatuombi soda wala nauli. Kama unaona linaleta fujo, ingia ndani ubishane nasi, tutakupa timu ya Giga maana wamebaki wachache. Na kwetu wenyewe tumekubaliana sheria moja, tumeiandika kwenye karatasi na kuibandika pale kwenye waya za kuchajia: ukidai, lete mfupa. Sema ulipatikana wapi, mwaka gani, kipande gani, na nani anabisha. Usipokuwa nao, sema huna, hakuna atakayekucheka. Anayegusa nyumba ya mtu, mpaka wa mtu, cheti cha mtu, anatoka yeye, grupu linabaki.

Kaka yetu wa timu ya Spino. Aliyekuandikia anakuja kwako leo jioni, hataki kuandika, anasema ya simu yameshatosha. Sisi wengine tutakuja kesho, mmoja mmoja, tusikujazie mlango. Aya zako tatu tunazo, mtu alizinakili kabla hazijafutwa. Tunaomba ruhusa yako tuzisome mbele ya watu.

Jumamosi, saa tisa mchana, chini ya hema kubwa, mvua ikinyesha tutabanana. Mada: Spino na Karka, walikula nini na walikaa wapi. Dada wa nyutoni ataongoza. Mwalimu ataleta kamba ya mita 14, tuitandaze kutoka kwenye hema mpaka kwenye bomba la maji, kama itafika. Wenye simu zenye chaji, mje nazo.